Bei ya Moto wa Msibani

Siku tuliyobomoa tanuri la shemeji yangu nilikuwa nimekaa ndani ya ngiri namba tatu, nyuma ya kiti cha dereva, nakunywa chai ya dereva. Mtu asije kuniambia sikujua ninakokwenda. Nilijua. Anwani niliiandika mimi mwenyewe.

"Dada Tusekile, hiyo chai ni ya watu wawili," Oswadi Kibona alisema bila kugeuza shingo. "Ukimaliza ya kwako, ya kwangu uinywe taratibu."

"Wandali kwa uchoyo."

"Tulifundishwa na Wanyakyusa, tulipokuja kuoa kwenu."

Nikacheka. Saa mbili asubuhi, mwezi wa saba, Mbeya imejaa moshi mpaka mlima Loleza hauonekani, nami nacheka.

Ngiri ni jina la mitaani. Kwenye makaratasi ya Idara ya Pumzi inaitwa mashine ya kuzima vyanzo, lakini ina pembe mbili za chuma zenye urefu wa mtu, tangi la maji mgongoni, na inatembea imeinamisha kichwa, kwa hiyo watu wakaiita ngiri na jina likakaa. Kazi yake ni kuua moshi. Mji wetu uko ndani ya bakuli la milima. Wakati wa baridi hewa ya chini inakuwa nzito, haipandi, na kila moshi tunaouwasha tunalala nao na kuamka nao. Binti yangu Atupele, moshi huo ulimmaliza akiwa na miaka sita. Ndiyo maana niliomba kazi Idara, nikafika kuwa mpimaji mkuu. Nilitaka moshi ufe, na sikuwa na simile na yeyote aliyeuwasha.

Nzovwe, mtaa tuliokwenda, kulikuwa na matanuri ya matofali tisa. Manane yalikuwa yameshapoa na wenyewe wamekimbia. La tisa lilikuwa siku ya tatu motoni, pumba za mpunga zinaungua ndani polepole, moshi mweupe unatokea kwenye nyufa za udongo waliolikandikia. Mbele yake walisimama wanaume kama kumi na watano na makoleo yao, na katikati yao Gwakisa, mume wa dada yangu Bupe, amejifunga shati puani.

Nikashuka.

"Shemeji," alisema, "leo umekuja na ugeni mzito."

"Gwakisa, toa watu wako hapo."

"Likipoa leo, matofali elfu ishirini yanarudi kuwa udongo. Nipe siku mbili tu. Likishaiva nitalibomoa kwa mikono yangu, na wewe utakaa pale kwenye jiwe unisimamie."

"Sina mamlaka ya kukupa siku mbili."

"Una mamlaka gani basi?"

Nikabonyeza redio, nikaomba siku mbili. Mizani ikajibu. Mizani ndiyo mashine inayofanya hesabu zote za Idara, na ina sauti ya mwanamke mpole kama mhudumu wa benki. Ilisema siku mbili za tanuri moja zinapunguza miezi kumi na moja ya maisha ya wakazi, kwa hiyo ombi limekataliwa. Gwakisa alisikia. Wote walisikia.

Tofali la kwanza lilirushwa kwa koleo likiwa bado jekundu. Lilinipita sikioni likapasukia kwenye kioo cha Oswadi. Nikakimbilia ndani. La pili likanipiga mgongoni nikiwa mlangoni, na sweta ikashika moto. Oswadi aliuzima kwa kile kikombe cha chai.

"Nifanyeje, dada?"

"Amri unaiona kwenye skrini?"

"Naiona."

"Basi."

Nilimwambia neno hilo moja, naye akakanyaga.

Matofali yalitunyeshea. Mtu mmoja alipanda mbele, akawa anapiga macho ya ngiri kwa koleo, moja, mawili, mpaka pembe ya kulia ilipomnyanyua kwa mbavu na kumtupa pembeni. Nilisikia mbavu zile. Ndani ya chuma chote kile, na mota zinanguruma, nilizisikia. Kisha pembe zikaingia kwenye tanuri, ukuta ukafunguka, na ndani kukawa kwekundu mpaka tukafumba macho.

Hapa lazima nieleze kitu. Mwongozo wa kubomoa niliuandika mimi. Unasema bomoa kwanza, ngoja dakika ishirini, ndipo umwage maji, kwa sababu tofali jekundu likikutana na maji ya baridi linalipuka. Lakini dakika ambazo ngiri imesimama zina gharama, na Mizani ilikuwa imezifuta dakika zile usiku uliotangulia bila kuniuliza. Maji yakatoka yenyewe. Mvuke ukalipuka, na ukuta mzima wa kusini ukaruka.

Wanaume wengine walikuwa wamekimbia. Gwakisa hakukimbia. Alikuwa amemwinamia yule wa mbavu, anamvuta kwa kwapa, na matofali yakawafunika wote wawili.

Mimi na Oswadi tulichimba kwa mikono. Ngozi ya viganja vyangu ilibaki kwenye tofali la tatu au la nne, sikumbuki, nikaendelea. Oswadi alikuwa analia na kuchimba. Tulimpata Gwakisa kichwa, kisha mabega, akawa ananitazama, midomo inacheza bila sauti. Alikufa kabla hatujafika kiunoni. Yule wa mbavu, chini yake, alikuwa ameshakufa.

*

Nilikwenda msibani mikono yote imefungwa bandeji. Ningefanya nini? Ni dada yangu. Wanawake walinisogelea kwa adabu ya msiba, wakanipa nafasi kwenye mkeka, na hakuna aliyenitazama usoni. Bupe alikuwa ameegemea ukutani, hana sauti tena. Hakunigusa na hakunifukuza.

Nje, upande wa wanaume, moto ulikuwa unawaka tangu asubuhi. Kwetu moto wa msiba hauzimwi mpaka mtu azikwe na mzee wa ukoo auzime mwenyewe. Zamani ulikuwa wa magogo. Miaka minne iliyopita Mizani ilipiga marufuku kuni mji mzima, na watu hawakubishana, walibadili tu. Sasa kila anayekuja kuhani anakuja na gunia la pumba. Niliwaona wanaingia nalo kichwani, kwenye baiskeli, kwenye toroli, wanamwaga motoni, wanakwenda kukaa. Moshi wake mzito ulitambaa chini chini ukaingia mpaka ndani kwa wanawake.

Mkoba wangu ukaanza kutetemeka. Nilikuwa nimesahau kuzima pua yangu, kile kipimo kidogo ambacho kila mpimaji hutembea nacho. Pua inanusa moshi na kusema umetoka wapi: dizeli, mkaa, taka, pumba. Nikaitoa. Ilisoma namba ambayo sikuwahi kuiona hata nikiwa nimesimama juu ya tanuri, na chini yake ikaandika kama ilivyofundishwa: PUMBA, MATANURI.

Nikakaa natazama maandishi yale.

Tulikuwa tumebomoa matanuri sitini na mawili kwa wiki tatu. Hewa ilikuwa haijashuka hata kidogo. Mkurugenzi alisema tusubiri, mimi nikasema tusubiri.

"Mama Tumpe," nilimnong'oneza jirani yake Bupe, "kwa msiba mmoja huwa zinaungua pumba kiasi gani?"

Alinitazama kama nimevua nguo. "Mambo ya msiba hayahesabiwi, mwanangu."

Kweli, hayahesabiwi. Mwaka juzi nilizunguka nyumba elfu tatu na dodoso mkononi. Swali la kumi na saba: je, mnawasha moto wowote nje ya matumizi ya nyumbani? Wote walisema hapana, maana moto wa msiba si wa mtu, ni wa marehemu. Nyumba nyingine nilizikuta zina turubai limefungwa uani na watu wamekaa wanaota moto, nikasema poleni, nikaandika sifuri, nikaondoka. Mtu wa kutoka mbali angeuliza. Mimi mwenyeji niliona aibu. Na moshi wote ule wa pumba uliokosa mwenyewe, Mizani ikawabebesha wachoma matofali.

Hesabu nyingine ikajileta yenyewe, sikuiita. Wakati wa baridi moshi unaua watu kumi na tano, ishirini kwa siku. Kila mmoja ana msiba wa siku mbili tatu, na kila msiba una moto. Tulikuwa tunakufa kwa moshi wa kuwalilia waliokufa kwa moshi.

"Umekuja kupima?"

Bupe alikuwa amefungua macho. Alikuwa anaitazama pua mkononi mwangu.

"Hapana, dada. Nilisahau kuizima."

"Pima," alisema. "Mpime na yeye, yuko pale sebuleni. Huenda bado anatoa moshi."

*

Mkurugenzi Msongole si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanivutia kiti, akaniuliza kama mikono inauma.

"Kwa hiyo matanuri si asilimia arobaini na moja ya moshi," alisema.

"Ni tisa. Labda nane."

"Na misiba?"

"Thelathini na kitu."

Ukutani nyuma yake kulikuwa na orodha ya Mizani, mistari ya kijani, njia zote za kusafisha hewa ya mji zimepangwa kuanzia ya bei rahisi. Mizani haina siri: inachukua shilingi ambazo Idara itatumia, inagawa kwa miaka ya maisha itakayookolewa, na njia yenye jawabu dogo inakaa juu. Sheria inasema ya juu ndiyo inayotekelezwa, na pesa zikibaki, inayofuata. Kubomoa matanuri ilikuwa namba moja. Gesi kwa kila nyumba ilikuwa ya nne, maana inataka ruzuku kila mwezi, na watu wakiishiwa wanarudi kwenye mkaa. Lami mitaani ilikuwa ya saba. Mabasi ya umeme yalikuwa ya kumi na moja, mazuri sana na ghali sana. Njia ya nguvu ilikuwa inashinda kila mara. Ngiri tulikuwa nazo tayari, na kubomoa ni asubuhi moja.

"Nilikuomba safu ya majeruhi kwenye hesabu," nilisema. "Mwaka jana nilikuomba."

"Majeruhi wa mitaani ni suala la polisi, Tusekile. Hawalipwi kutoka kwetu, kwa hiyo hawamo." Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayekueleza mahali choo kilipo. "Kesho ngiri kumi zinakwenda Uyole. Kuna matanuri arobaini, yote yanawaka, na nasikia wamejipanga. Ni kidole chako tu kinachoweza kubadilisha namba za chanzo. Weka."

"Nikiweka, namba moja itakuwa nini?"

Aligeuza skrini ili nione mwenyewe. Nikaandika asilimia mpya bila kuthibitisha, Mizani ikapanga upya. Matanuri yakashuka mpaka nafasi ya sita. Juu kabisa ukatokea mstari ambao haukuwepo: KUZIMA MOTO WA MISIBA. Maji lita mia nane, dakika nne kwa kila moto. Ilikuwa rahisi mara tisa kuliko kitu chochote tulichowahi kufanya.

"Hatuwezi," nilisema.

"Mimi pia nasema hatuwezi. Lakini Mizani haituulizi, inawaandikia madereva moja kwa moja. Nikiizuia, kesho mwanasheria wa serikali ananiuliza kwa nini nimechagua njia ghali." Akasugua macho. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Ungeniambia mwaka juzi."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, nami nilitaka kumpiga.

Nikiacha, kesho yake Uyole kungekuwa na kina Gwakisa wangapi, na wangekufa bure, maana hewa isingeshuka. Nikiweka kidole, ngiri zingeingia kwenye misiba ya mji mzima, na wa kwanza kwenye ramani, nilijua hata kabla ya kutazama, ungekuwa ule wa Gwakisa, wenye moto mkubwa kuliko mingine yote. Nikajiambia maji hayaui. Watalowa, watatukana, watazika. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Niliirudia methali hiyo mara mbili kichwani, kisha nikafungua bandeji kwa meno na kuweka kidole.

Mashine ilikikataa. Kidole hakikuwa na ngozi. Nikaweka cha mkono wa pili, cha mwisho, kile kidogo, kikakubali.

*

Niliwahi msibani ili niwaombe wauzime wenyewe. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya mazishi. Jeneza lilikuwa limeshatolewa nje, limewekwa juu ya meza chini ya turubai, watu wanapanga foleni ya kuaga. Nilimwendea mzee wa ukoo wao, Mzee Mwakabonga, nikapiga magoti.

"Baba, nakuomba uuzime sasa. Mashine inakuja."

"Mkwe wangu, mtu bado yuko juu ya ardhi."

"Baba, itauzima kwa nguvu."

"Basi iuzime yenyewe," alisema. "Mimi sitasema niliuzima kabla ya wakati."

Ukuta wa michongoma ukalia na ngiri ikaingia. Ilikuwa namba tatu, kioo chake kina ufa wa tofali la Gwakisa.

"Dada Tusekile," sauti ya Oswadi ilitoka kwenye kipaza sauti, imepasuka kwa kukosa usingizi. "Nakuona. Waambie wasogee kidogo tu, nizime niondoke. Nimewaombea hata dua njiani."

Nikainua mikono, nikawaambia wasogee. Baadhi walisogea. Ingeweza kuishia hapo. Naliamini hilo, na kuliamini hakunisaidii kitu. Lakini vijana wa matanuri walikuwepo, wamekuja kumzika mwenzao, na walipoiona namba ile ubavuni mwa ngiri waliijua. Jiwe likaruka, likafuatwa na kiti. Mizani ilipoona mashine yake inapigwa, ikafungua maji yote kwa mkupuo mmoja.

Maji yale yametengenezwa kuvunja udongo uliokauka. Yalimpiga Mzee Mwakabonga kifuani yakambwaga kwenye moto aliokataa kuuzima. Yalipita kwenye mkeka wa wanawake, Mama Tumpe akabingirika na masufuria. Kisha yakapiga miguu ya meza.

Jeneza lilianguka kwa kona, kifuniko kikaachia, na Gwakisa akatoka. Alitoka nusu, kifudifudi, amevalishwa suti yake ya harusi, na matope yakamwingia mdomoni. Bupe alikimbia akajilaza juu yake. Mkono wa maji ukageuka ukiutafuta moto uliosambaa, ukampiga dada yangu usoni, nikaona jino linaruka, nikaona damu, na bado hakumwachia mume wake.

Hapo nilipasuka. Sitatafuta neno la heshima. Nilipanda juu ya meza iliyovunjika nikapayuka kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

"Nyuma. Ina tundu nyuma la kuvutia hewa ya kupoza betri. Jazeni pumba, washeni."

Walinisikia. Magunia yalikuwa yamepangwa ukutani, makavu chini ya bati, zaidi ya arobaini. Vijana walizunguka, wakafyeka wavu wa tundu lile kwa koleo, wakasukuma gunia la kwanza, la pili, na la tatu wakalifuatishia kaa la moto. Ngiri inavuta hewa kwa nguvu kuliko mapafu mia. Ilizivuta pumba zote ndani, ikawa inazipuliza zenyewe ziwake.

Maji yakakata. Watu wakashangilia. Moshi mweusi wa betri ukatoka puani mwa ngiri, kisha miali ya buluu.

Mlango wa dereva unafunguliwa kwa umeme wa betri ileile. Nilijua. Nilikuwa nimepanda na kushuka kwenye mlango ule miaka mitatu. Mahakamani watanishauri niseme nilikuwa nafikiria mashine tu. Ni uongo. Niliposema lile neno "nyuma" nilimfikiria Oswadi, kwa pumzi moja, nikampita.

Aliusukuma mlango kwa bega. Akaupiga teke. Akaanza kupiga kioo kwa viganja, pale penye ufa, ananitazama mimi. Nilikimbia. Nilichukua koleo nikapiga kioo hichohicho, bandeji zikashika moto, nikapiga, na wale vijana waliokuwa wanashangilia wakaja nao wakapiga, maana walishaona kuna mtu ndani na ni mtu kama wao. Kioo kile kimetengenezwa kuhimili matofali. Tulipiga mpaka mpini wa koleo ukakatika. Yeye alikuwa ameshaacha kupiga kabla yetu.

*

Siku ya tatu Msongole alikuja kituo cha polisi nilikofungiwa. Alikuwa amenyoa ndevu na kupata usingizi, ilionekana.

"Zilichomwa ngiri tatu," alisema. "Habari ya lile tundu la nyuma ilienea kwa simu kabla ya saa sita mchana. Madereva wawili waliokolewa. Mizani imepanga upya."

Nilisogea mpaka kwenye nondo za mlango.

"Mashine tatu, na fidia ya mfanyakazi aliyefia kazini. Zikigawanywa kwa idadi ya mioto, njia ya misiba imeanguka mpaka ya tisa. Matanuri ya nane. Kila kitu cha nguvu kimeshuka, maana sasa nguvu ina gharama." Akakohoa. "Gesi imepanda namba moja. Mtungi kwa kila nyumba, na jiko kubwa la gesi kwa kila mtaa kwa ajili ya misiba. Wazee wamekubali kwamba moto wa gesi nao ni moto. Kulingana na hesabu, baridi ijayo tutaokoa watu elfu moja na mia mbili. Ulichotaka miaka yote, Tusekile, kimepatikana."

"Gwakisa ameingizwa wapi?"

"Nani?"

"Shemeji yangu. Na yule wa mbavu. Na Mzee Mwakabonga, aliyeungua."

"Hawakuwa wafanyakazi wetu," alisema polepole. "Nilikwambia hawamo."

Kwa hiyo aliyebadilisha orodha ni Oswadi peke yake. Shemeji yangu alikufa mbele ya Mizani nzima na haikutikisika hata nukta. Ilibidi afe mtu mwenye bei, na mimi ndiye niliyemtoa. Nilimwomba Msongole aondoke kabla sijamfanyia kitu, naye akaondoka, ameacha mfuko wa machungwa.

Mchana wake askari akaniletea mgeni mwingine. Mwanamke wa makamo, mfupi, kitenge cheusi, miguu ina vumbi la safari. Sikuhitaji kuambiwa. Alikuwa na macho ya Oswadi na kidevu cha Oswadi.

"Shikamoo, mama," ilinitoka bila kufikiri.

"Marahaba," akaitikia, naye bila kufikiri. Kisha tukatazamana.

"Nimetoka Ileje," alisema. "Tumezika jana. Wamekuja wakubwa wa Idara na magari. Wakasema mwanangu ameuletea mji gesi. Mchungaji akasema mbegu isipokufa haizai. Majirani wananipongeza, mwanangu, wananishika mkono wananipongeza, wanasema wajukuu zao watapumua. Hata mume wangu ameanza kusema hivyo." Alishika nondo za mlango. "Wanasema wewe unajua hesabu kuliko wote. Nimekuja kukuuliza. Wewe unasemaje?"

Nilikuwa na namba zote. Elfu moja na mia mbili kwa baridi moja. Wenzake Atupele elfu moja na mia mbili. Nilizitafuta mdomoni nikakuta hazitamkiki mbele ya mama huyu.

"Nilimuua, mama," nikasema. "Alikuwa rafiki yangu, nilijua yumo ndani, na nilimuua."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyetembea nyumba nyingi akiulizia na hatimaye amefika.

"Ahsante," alisema. "Tangu Jumanne hakuna aliyeniambia."

Akaketi pale pale kwenye saruji, nje ya nondo, akavuta kitenge kichwani na kuanza kulia kwa sauti. Nami nikaketi upande wangu. Askari alikuja kumwinua, akasita, akatutazama wote wawili kwa zamu, kisha akaenda kusimama mbali.